Mdogo wangu kaacha Dallas kaenda Lewiston: kuna nini huko?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu wa kiume alipata grini kadi kwa bahati nasibu, huu ni mwaka wake wa tatu Marekani. Alifikia Dallas kwa rafiki yake. Juzi kapiga simu anasema wamehamia Lewiston, jimbo la Maine, yeye na mkewe na mtoto wao wa mwaka mmoja. Nimeangalia mtandaoni: mji wa watu elfu thelathini na saba. Huo si mji, Mwalimu, hiyo ni kata moja ya Dar es Salaam! Mama hana raha, anahisi kijana amekimbia kitu. Watu wa huko wanaishi kwa kazi gani? Halafu ametuachia ubishi nyumbani: anasema huko kuna Wazigua waliotokea Somalia. Sisi tunaishi Korogwe lakini kwetu ni Handeni, Wazigua wa asili, na hatujawahi kusikia habari hizo. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, dada. Mtulize mama, kijana hajakimbia kitu. Kahesabu kodi ya nyumba, kahesabu saa anazomaliza barabarani kila siku, kisha kafunga mizigo. Njia aliyopita imeshapitwa na wengi, nitakueleza walivyoifungua. Mimi nafundisha historia ya kazi, na Lewiston nimekaa misimu miwili ya baridi nikiwahoji wastaafu wa viwandani, kwa hiyo niwie radhi, jibu litakuwa refu. La Wazigua nimeliweka mwishoni kwa sababu linataka nafasi yake.

Tuanze na hiyo kata yako. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 37,121, umeona sawasawa. Lakini ukivuka daraja la mto Androscoggin unaingia Auburn, mji mwingine wenye watu 24,000 hivi, wenye meya wao na polisi wao. Watu wanalala huku wanafanya kazi kule, na wakitaja kwao husema L-A, herufi za miji yote miwili, bila kuona haya mbele ya Los Angeles. Hapo kuna hospitali mbili, mahakama, gazeti la kila siku, na chuo cha Bates kilichoanza 1855. Portland, bandari na mji mkubwa kuliko yote ya Maine, iko kama kilomita 55 kusini. Kwa hiyo usiwaze kijiji. Huduma karibu zote za jiji zipo, kilichokosekana ni foleni.

Mji ulijengwa kwa sababu ya maporomoko. Androscoggin unashuka pale kama mita 15, na katikati ya karne ya 19 matajiri wa Boston waliona nguvu za kuendesha mitambo zinamwagika bure. Wakaleta vibarua wa Ireland wachimbe mifereji, wakapanga viwanda vya matofali mekundu pembeni yake. Kikubwa kilikuwa cha Benjamin Bates, kilichoanzishwa 1850. Pamba ilitoka kusini mwa Marekani, ilikolimwa na watumwa. Pesa za kiwanda hicho zikasaidia kusimamisha chuo kinachoitwa kwa jina la Bates, na waasisi wa chuo walikuwa watu wa dini waliopinga utumwa. Wanafunzi wangu nikiwapa habari hii huwa wananyamaza kidogo. Chuo hichohicho ndicho kilichomtoa Benjamin Mays, kijana mweusi kutoka South Carolina aliyehitimu 1920 na baadaye akawa mwalimu wa Martin Luther King.

Katika karne ya 20 kiwanda cha Bates kilifika kuajiri watu karibu 5,000, hakuna mwajiri aliyekizidi Maine nzima, na kilisifika kwa matandiko mazito ya kitanda yaliyofumwa kwa maua. Fikiria mji mdogo ambao nyumba tatu kwa nne za mtaa mmoja zinaamshwa na king'ora kimoja. Baba yuko kwenye kusokota, mama yuko kwenye kufuma, binti akimaliza shule anaingia chumba cha ukaguzi wa vitambaa. Bibi mmoja mstaafu niliyemhoji aliniomba nihame kiti nikae upande wa dirisha. Nilidhani anasikia baridi. Kumbe alitaka mwanga uangukie mdomo wangu. Miaka zaidi ya 30 katikati ya kelele za mitambo ya kufuma ilimla masikio, lakini ilimfundisha kusoma midomo, na mle ndani wenzake wote walizungumza hivyohivyo, bila sauti, kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Aliniambia walisengenya wasimamizi mbele ya macho yao. Kisha akachukua uzi kwenye kikapu chake cha kushonea akafunga fundo la mfumaji kwa mkono mmoja, haraka mno, nikamwomba arudie mara tatu na bado sikuliona.

Alizungumza Kiingereza chenye lafudhi ambayo si ya Wamarekani wa kwenye filamu, maana watu wake walitoka Quebec, Kanada. Reli iliyounganisha mji na njia ya Grand Trunk ilifunguliwa 1874, na kuanzia hapo familia za wakulima wanaosema Kifaransa zikawa zinashuka kwenye stesheni ndogo ya Lincoln Street, na watoto kumi, na vyungu. Anayeshuka anapokewa na binamu. Binamu anampeleka kwa msimamizi. Kesho yake yuko kazini. Walibanana kwenye nyumba za mbao za ghorofa tatu na nne karibu na mto, mtaa ukaitwa Kanada Ndogo. Wakaanzisha gazeti lao la Kifaransa, Le Messager, mwaka 1880. Wakachangishana kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, la mawe, kubwa kupita kiasi kwa mji ule. Lilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kuwekwa wakfu 1938. Fedha za kanisa lile zilitoka kwenye mishahara ya kufuma, sarafu kwa sarafu, na mtu akikuonyesha minara yake huonyesha kwa namna ambayo watu wengine huonyesha nyumba waliyojijengea.

Unadhani walipendwa? Mwaka 1919 Maine ilitunga sheria ya kufundisha shuleni kwa Kiingereza tu, na watoto wakaadhibiwa kwa kusema Kifaransa uwanjani. Sisi tuliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya nyumbani hatuhitaji kuelezwa. Katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan, lile kundi la wabaguzi wa kizungu, ilipata wafuasi wengi sana Maine, na kwa kuwa watu weusi walikuwa wachache mno, adui wao mkuu alikuwa Mkatoliki wa Kifaransa. Watu wenye umri wa kustaafu sasa ni wajukuu wa Wakatoliki hao. Ushike uzi huo, utatufaa mbele kidogo.

Upande wa Auburn kazi ilikuwa viatu. Mwaka 1937 wafanyakazi wa viatu wa miji yote miwili, maelfu kadhaa, waligoma wakitaka chama chao kitambuliwe. Tarehe 21 Aprili waliandamana kuvuka daraja kwenda viwandani Auburn, polisi wakawangoja upande wa pili na virungu na mabomu ya machozi, na jeshi la akiba la jimbo likaitwa. Mgomo ukavunjwa kabla ya kiangazi kuisha. Nilikuta watu ambao mama zao walikuwa kwenye daraja lile, na hadithi bado wanaisimulia kwa sauti ya chini kana kwamba msimamizi yupo chumba cha pili. Katika mji mdogo aliyekufukuza kazi mnakutana kanisani Jumapili, na binti yake yuko darasa moja na mwanao. Uhasama wa kazi hauna pa kwenda kupoa.

Kuna jambo moja la pembeni, nikiliacha wasomaji wangu wa kiume watanilaumu. Muhammad Ali alipigana na Sonny Liston kwa mara ya pili Lewiston, tarehe 25 Mei 1965, kwenye ukumbi wa mchezo wa magongo ya barafuni, mbele ya watu 2,434. Pambano lilikimbiwa na Boston, mji huu ukalidaka. Likaisha raundi ya kwanza kwa ngumi ambayo mpaka leo watu wanabishana kama ilimgusa Liston. Kila mzee wa Lewiston atakuambia alikuwepo. Ukiwajumlisha wote ukumbi haukutosha.

Viwanda navyo vilikufa kama mgonjwa wa muda mrefu. Kwanza vitambaa vilihamia majimbo ya kusini ambako mishahara ilikuwa midogo, kisha nje ya nchi kabisa. Viatu vikafuata. Bates ilizima mitambo yake ya mwisho mwaka 2001. Vijana waliondoka, maduka ya Lisbon Street, barabara kuu, yakafungwa moja baada ya jingine, zile nyumba za ghorofa tatu zikabaki na vyumba vitupu na kodi rahisi.

Na mwaka huohuo, Februari 2001, wakaanza kufika Wasomali. Serikali ya Marekani haikuwapeleka Lewiston. Iliwapeleka miji mingine, wengi wakiwa Atlanta, katika mitaa yenye bunduki na shule wasizozitaka. Wakatuma watu wao wakapeleleze nchi nzima kama wachungaji wanaotafuta malisho: wapi kuna nyumba tupu, usalama, shule inayoeleweka, na mahali ambapo mtoto hatapotea? Portland ilikuwa imejaa. Mtu akafika Lewiston, akapiga simu, binamu akaja, na baada ya mwaka mmoja na kitu walikuwa zaidi ya elfu. Ni binamu yuleyule wa stesheni ya Lincoln Street, sema huyu ana simu ya mkononi. Mdogo wako naye, nina hakika, ana mtu aliyempigia.

Oktoba 2002 meya wa wakati huo aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiwaomba wapunguze kasi ya kuja, mji umeelemewa. Barua ikasambaa dunia nzima, na Januari 2003 wabaguzi wakaja kutoka nje ya mji kufanya mkutano. Walihudhuria kama 30. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa mji, chuoni Bates, walikusanyika zaidi ya watu 4,000 kuwapinga. Mimi huwa sipendi kuusimulia mji huu kama hadithi tamu, kwa sababu niliwasikia wajukuu wa Kanada Ndogo wakisema juu ya Wasomali maneno yaleyale waliyoambiwa babu zao: wanazaa sana, hawataki Kiingereza, wanakula misaada. Lakini pia niliwasikia wengine, wa ukoo uleule, wakisema "bibi yangu alifanyiwa hivi, mimi siwezi." Mara nyingine kauli zote mbili zilitoka meza moja.

Mwaka 2015 timu ya soka ya sekondari ya Lewiston, wachezaji wengi wakiwa watoto waliozaliwa au kukulia kwenye kambi za wakimbizi Kenya, ilichukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2019 Safiya Khalid, binti wa miaka 23, akachaguliwa diwani. Mwaka 2022 Mana Abdi akaingia bunge la jimbo. Kumbuka udogo wa mji: kata saba, diwani mmoja kila kata, na kikao cha baraza kiko wazi kwa yeyote anayetaka kusimama kwenye kipaza sauti. Dallas mdogo wako angeishi miaka 20 bila kumjua diwani wake. Lewiston atagongana naye dukani.

Sasa kazi, ambalo ndilo swali lako hasa. Usitafute kiwanda kimoja, hakipo tena. Ndani ya majengo ya Bates sasa kuna nyumba za kupanga, ofisi, migahawa, hata kiwanda cha bia. Waajiri wakubwa ni hospitali mbili, Central Maine na St. Mary's. Kuna maghala, likiwemo kubwa la chakula la Walmart. Kuna shule za mji, chuo, ofisi za benki za kupokea simu, na ujenzi. Na kuna kutunza wazee, ambayo ndiyo kazi ya Maine nzima, maana hakuna jimbo lenye watu wenye umri mkubwa kulizidi. Vijana walioondoka viwanda vilipokufa waliwaacha wazazi, na wazazi sasa wanahitaji mtu wa kuwageuza kitandani.

Kazi hiyo nimeiona kwa karibu. Nyumba moja ya wazee niliyokuwa nikienda kuhoji, alikuwepo bibi wa miaka tisini na kitu, mjukuu wa Quebec, ambaye usahaulifu wa uzeeni ulikuwa umemfuta Kiingereza chote. Kilibaki Kifaransa cha utotoni, kile alichochapiwa shuleni. Wanawe hawakukijua, yeye mwenyewe hakuwafundisha, kwa aibu. Msaidizi aliyemlisha alikuwa mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Alimpulizia uji, akamwita mémère, kama wajukuu wa kule wanavyoita bibi zao, akamuuliza kwa Kifaransa kama ni moto. Bibi akamjibu sentensi ndefu, wakacheka wote wawili. Binti wa yule bibi, mwenyewe mzee wa miaka 70, alisimama mlangoni na koti mkononi akiangalia. Hakuelewa neno hata moja. Mama wa Bukavu alipomaliza akanigeukia, akaniambia kwa Kiswahili: "Anasema nimechelewa, na uji hauna sukari."

Kama mdogo wako au mkewe ana moyo wa kazi hiyo, ni mlango wa haraka. Maine inadai mafunzo maalumu ili uwe msaidizi wa wauguzi mwenye cheti, na waajiri wengi hulipia mafunzo wenyewe kwa sababu hawana watu. Mgongo utauma, hilo asifichwe. Ghalani mambo ni mengine: unavaa vipokea sauti masikioni, sauti ya mashine inakuambia nenda safu fulani, chukua maboksi sita, thibitisha namba, nenda. Kasi yako inahesabiwa. Wenye miguu mizuri na wasiopenda kuongea na watu huipenda, na malipo yake mara nyingi huizidi kazi ya wazee, jambo ambalo nikiliwaza sana hunitia hasira, basi tuliache.

Kuhusu pesa. Kima cha chini cha mshahara Maine mwaka 2025 kilikuwa dola 14.65 kwa saa. Wapiga kura wenyewe waliamua kwa kura mwaka 2016 kwamba kipandishwe. Texas inafuata kile cha taifa, dola 7.25, ambacho hakijaguswa tangu 2009. Usikimbilie kuzidisha, kwa sababu Dallas wachache hulipwa kiwango cha chini kabisa, na Texas haikati kodi ya mapato ya jimbo wakati Maine inakata. Chukua wiki ya saa 40 kwa kima hicho cha 2025: dola 586 kabla ya makato. Watu wawili wakifanya kazi, nyumba inasimama. Mmoja akibaki na mtoto, inayumba. Kwa hiyo wengi wa huko hugawana saa: baba anatoka usiku, mama anaingia asubuhi, wanakabidhiana mtoto mlangoni kama vijiti vya mbio. Ndoa nyingi za Lewiston, za Wafaransa zamani na za Waafrika leo, zimeishi kwa vikaratasi vilivyobandikwa kwenye friji.

Jambo jingine ambalo huenda lilimvuta ni matibabu. Maine ilipanua bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kura ya wananchi ya 2017. Texas haijafanya hivyo. Mtoto atahudumiwa bila shida. Yeye mwenyewe, kwa kuwa grini kadi yake haijafika miaka mitano, huenda asiipate bado, aulize.

Asishangae kuona majirani zake wa Kongo na Angola wamekaa nyumbani mchana, akawadhania wavivu. Mwenye grini kadi huanza kazi siku anayofika. Mwomba hifadhi, kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, husubiri siku 150 tangu apeleke maombi ndipo aombe kibali cha kazi, na hakipewi kabla ya siku 180. Nimemwona fundi umeme wa miaka 15 akifagia theluji ya jirani bure, ili tu mikono isisahau kufanya kitu.

Sasa nisikilize vizuri, haya umpelekee mwenyewe. Amuulize mwenye nyumba kama kodi inajumuisha joto. Maine nyumba nyingi hupashwa joto kwa mafuta yanayojazwa kwenye tangi chini ya nyumba, na mpangaji asiyejua hushtuka Januari tangi limekauka na bili iko pembeni. La pili ni la mtoto, na usilichelewe: zile nyumba za mbao zilijengwa zamani, rangi zake za chini zina risasi, ile metali, na Lewiston imesumbuliwa sana na watoto wenye risasi kwenye damu. Mtoto wa mwaka mmoja ndiye anayetambaa na kulamba kingo za dirisha. Daktari ampime damu, na rangi inayobanduka asiikwangue mwenyewe. La tatu ni gari. Basi zipo za mchana, lakini shifti ya usiku basi haikufikishi. Na theluji ikitangazwa, gari lisilale barabarani, litavutwa, kulikomboa ni mshahara wa siku nzima na zaidi.

Mama atakuja kusikia pia kwamba tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mmoja aliua watu 18 pale Lewiston, kwenye ukumbi wa mchezo wa kuviringisha tufe na kwenye baa. Ni kweli. Wanne kati yao walikuwa viziwi waliokutana kucheza pamoja. Katika mji wa ukubwa ule hakuna aliyeulizia "ni nani?" bila kupata jibu analolijua. Usimfiche mama, lakini mwambie pia kwamba huko si mahali ambapo bunduki hulia kila usiku. Watu wengi walihamia kwa kuyakimbia hayohayo.

Tufike kwa Wazigua.

Miaka ya 1830 kulikuwa na njaa kali Uzigua. Wazee wa Handeni bado wanayo masimulizi ya watu waliojiweka rehani kwa chakula, au waliodanganywa kwamba kuna kazi, wakapandishwa majahazi pwani. Wengi waliishia Barawa na mashamba ya mto Shabelle, Somalia, wakiwa watumwa. Baadhi yao walitoroka kwa makundi kwenda kwenye misitu ya mto Juba, wakijaribu kurudi kwao kwa miguu, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Hawakufika. Wakakaa Juba, wakalima, na wale wa Juba ya chini wakaendelea kusema Kizigua mpaka leo, miaka karibu 200. Vita vya Somalia vya 1991 vikawatoa, wakaingia kambi ya Dadaab, Kenya, na mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua Wabantu wa Somalia, ndivyo wanavyoitwa hawa na wenzao wa Juba, kama 12,000. Walihamishiwa kwanza Kakuma, kambi nyingine ya Kenya, kisha kuanzia 2003 wakatawanywa miji mingi. Lewiston walianza kujikusanya muda mfupi baadaye, nao kwa simu za binamu.

Lakini Wabantu walio wengi Lewiston walitoka Juba ya kati, na lugha yao ni Kimaay, ya kusini mwa Somalia. Asili zao ni mchanganyiko wa makabila ya Tanzania, Malawi na Msumbiji, Wazigua wakiwa miongoni. Kiswahili atakisikia, cha kambini. Kizigua chenyewe kinasikika zaidi kwingine, hasa Boise, jimbo la Idaho, ambako wasomi wa chuo kikuu cha pale wamekuwa wakikiandika pamoja na wazungumzaji wake. Kwa hiyo katika ubishi wenu kijana ameshinda nusu.

Muulize mama kile kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi alikuwa anakiitaje alipokuwa mdogo. Atasema marekani. Jina hilo lilikuja na meli za Salem, Massachusetts, zilizoleta vitambaa vya viwanda vya New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, Maine ikiwemo, hadi Zanzibar katika miaka ileile ya 1830, kikaenea bara mpaka kikawa ndiyo pesa. Majahazi yakiwapeleka Wazigua kaskazini, bandari zilezile zilikuwa zinapakua marobota hayo.

Na kama mama anataka kuwasikia Wazigua waliotokea Somalia kwa masikio yake, hana haja ya viza. Wengine wao walikimbilia Tanzania badala ya Kenya, serikali ikawapa ardhi, kisha uraia. Wako Chogo, wilaya ya Handeni.